Viwiko vya Ukoo

Marehemu alifika maabara saa tatu asubuhi, akachukua namba kumi na saba, akaketi kwenye benchi kati ya bintiye na shangazi wa binti huyo. Maabara ilishasema kipimo cha binti hakitasomeka bila damu ya mzazi aliyeugua, kwa hiyo binti akapeleka ujumbe kaburini. Baba hakuwa mtu wa kuchelewa, hata enzi zile alipoanza kuanguka ngazini.

"Mzee, nyoosha mkono," nesi alisema.

"Haunyooki."

"Umekunywa maji leo?"

"Tangu nizikwe, bado."

Nesi akaandika: hajanywa maji.

Ukoo wao uliringia viwiko visivyonyooka. Mtoto akitimiza miaka saba, shangazi humvuta mikono. Ikigoma kunyooka, ni mtoto wao. Ya binti ilinyooka kama fito. Tangu siku hiyo wakwe wa mama yake walisema kampata nje ya ndoa, na kwenye vikao wakamkalisha mama huyo karibu na mlango wa jikoni. Shangazi alikuja leo kusikia hilo likithibitishwa.

Binti alikuja kwa jambo jingine. Ni fundi umeme, hupanda nguzo. Moyo wa baba ulisimama ghafla akiwa na miaka thelathini na tisa.

Alasiri mpimaji aliwaita.

"Kila seli ina kiini, na kiini kina ukuta wake. Za mzee, kuta zimebonyea kama kopo lililokanyagwa. Protini inayozishikilia ina kasoro. Ndiyo hukaza viwiko, na baadaye husimamisha moyo. Kwa kila mtoto, uwezekano wa kuirithi ni nusu kwa nusu."

"Na mimi?"

"Wewe ni mwanawe, hilo halina shaka. Kasoro hukuirithi."

Binti aliomba maji, akanywa bilauri tatu mfululizo. Baba alimtazama.

"Hebu nyoosha tena nione," alisema. Binti akanyoosha. "Mikono ya mama yako hiyo. Ahsante Mungu."

Mpimaji akamgeukia shangazi. "Mama, nawe upime moyo."

Shangazi alifumbata viwiko vyake. "Nipime nini? Mimi wa ukoo halisi. Si nilisema huyu hana viwiko vyetu?"

"Basi nitakushikia nafasi, dada," marehemu alisema, akarudisha namba yake dirishani na kurudi kaburini.

Jumapili, kwenye kikao cha ukoo, mama alikalishwa palepale karibu na mlango wa jikoni. Jumatatu binti alipanda nguzo, akanyoosha mkono, akaufikia waya uliokatika. Taa za mtaa mzima zikawaka, na za shangazi pia.