Nusu Kidonge cha Atupele

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Uyole, mchana kweupe, lori linamwaga sukari barabarani. Hakuna aliyeshangaa. Mimi ni mchomeleaji, kwa hiyo nilichoangalia ni mageti. Kila nyumba ina geti nililochomelea mimi, na yote yamefungwa.

Ndani watu wanalia njaa.

"Sukari inawafika magotini, mnalia nini?" nawauliza.

"Iko nje, fundi, haiko tumboni," mama mmoja ananijibu kwenye tundu la kitasa. "Fungua."

Natia mkono mfukoni nitafute funguo. Natoa kidonge changu cha ugonjwa wa sukari, kile ninachomeza asubuhi na jioni, huu mwaka wa nne. Kimevaa ovaroli, kimeshika kopo la grisi.

"Fungua," nakiambia.

"Mimi napaka grisi bawaba," kinasema. "Na ini naliambia lipunguze malori ya sukari. Kwako funguo zipo, mageti ndiyo yameota kutu, ndiyo maana tunaelewana. Hapa funguo hakuna kabisa. Nitapaka grisi mpaka kiama."

"Hapa ni kwa nani?"

Kidonge kinaangalia chini. "Kwa Atupele."

Atupele ni binti yangu, ana miaka kumi na mmoja. Naye ana sukari, ila yeye ni wa sindano ya insulini kila siku. Jumapili sindano ilimliza sana, nikasema basi, sukari ni sukari. Nikavunja kidonge changu, nikampa nusu kwa kuwa ni mdogo. Mama yake alipouliza nikamjibu, "Mimi nameza hiki na nachomelea mpaka jioni." Akamletea mtoto maji ya kumezea. Tumeendelea hivyo siku tatu.

Barabara inakuwa jiko letu. Friji hatuna, chupa ya insulini tunaiweka kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji. Sasa chungu ni kikubwa kama kanisa. Chupa imekaa humo, imejifunika khanga, inakohoa.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Umenikumbuka leo."

"Si ugonjwa ni mmoja?"

"Wewe fundi, na anayeshona suti naye fundi. Mpe basi huyo wa suti achomelee geti."

Narudisha kidonge mfukoni.

"Waliokuwa wakimtengenezea binti yako funguo waliuawa," inasema. "Walinzi wa mwili wake mwenyewe ndio waliowaua. Nimebaki mimi wa kumletea. Nisipokuja, watu wa ndani wanachoma mapaa yao wapate moto. Hunusi?"

Nanusa. Moshi unanuka ndizi zilizoiva mno.

Miguuni pangu sisimizi wanapita na magunia. Wa mbele amevaa kofia ya mgambo.

"Mnapeleka wapi?"

"Sukari isiyoingia ndani inatoka na mkojo, mzee. Hiyo ni yetu. Alfajiri tunapita kwako, chini ya mlango, kulia kwa kitanda cha mtoto. Usitukanyage, tuko kazini."

Nikaamshwa na mke wangu.

"Baba Atupele, amka. Mtoto amekojoa kitandani tena. Namwita, haitiki vizuri."

Niliwasha taa. Sisimizi walikuwa wameingia chini ya mlango, wamepita kulia kwa kitanda, mstari mmoja, mpaka kwenye shuka bichi. Niliinama usoni kwa mwanangu. Anahema kama aliyetoka mbioni, na pumzi yake inanuka ndizi zilizoiva mno.

"Baba," akasema, "maji."

"Mfunge khanga, tunakwenda hospitali," nikamwambia mama yake. Nikachimbua chupa kwenye mchanga.

"Nesi akiuliza tutasema nini?"

"Nitasema mimi. Nitasema nilimwachisha sindano nikampa kidonge changu."

Akamfunga khanga. Nikambeba Atupele. Amekuwa mwepesi, sijui tangu lini.

Mlangoni niliruka ule mstari. Walikuwa kazini.