Kadi Ndogo za Mayala

"Chukua joka!" Stanslaus alifoka, kidole chake kikikaribia kabisa kugusa kioo cha simu ya mwenzake. "Joka hilo, Mayala! Ukiliacha, ujue umerogwa."

Mayala aliusukuma pembeni mkono wa rafiki yake. Kwenye kioo zilikaa kadi tatu: joka lenye pembe za dhahabu, jitu la mawe, na kijana mmoja mwembamba, mchunga mbuzi, na fimbo yake. Achague moja, zije nyingine tatu, achague tena, mpaka seti yake ijae. Kisha apambane na mke wake, Juliana, ambaye muda huo huo alikuwa kwa mama yake Ibadakuli, naye akichagua za kwake.

Akamgusa mchunga mbuzi.

"Mama yangu wee!" Stanslaus akashika kichwa.

Ungedhani ni mchezo tu. Lakini binti yao wa kwanza alikuwa amezaliwa, ananyonya, ananenepa, na bado anaitwa "mtoto". Juliana alitaka aitwe Blessing. Mayala alitaka Minza, jina la marehemu mama yake, aliyemlea peke yake kwa jembe la mkono kule Kharumwa. Walibishana kwenye simu mpaka betri zikaisha. Mwishowe Juliana, waliyejuana naye kwa mchezo huu huu, akasema atakayeshinda Jumapili ndiye atakayempa mtoto jina. Mayala alikubali haraka haraka, ndipo akakumbuka kwamba tangu enzi za uchumba hajawahi kumshinda.

Sababu aliijua kila mtu isipokuwa yeye. Mayala alichagua kadi kama mchimbaji anayeota jiwe moja la kumtoa kwenye shida: liwe kubwa, ling'ae, basi. Majitu yake yalihitaji nguvu nyingi ili yatoke, na nguvu katika mchezo ule huongezeka kidogo kidogo kila zamu. Kwa hiyo yalibaki mkononi, mazuri kweli kweli, huku vikadi vya Juliana vikimtafuna.

"Majitu yako yamelala tena, mume wangu," Juliana alikuwa akimwambia. "Tuyaamshe kwa chai?"

Na kazi ya Mayala, jamani, ilikuwa kupiga matimba! Machimbo yote ya dhahabu ya Nyarugusu yalimjua kwa hilo. Miti aliyoipanga kuzuia kuta za duara, shimo la kuchimbia, zisiwafukie wachimbaji haikuwahi kuachia. Wiki ile walipoanza duara jipya, Stanslaus alimharakisha washuke chini kwenye mwamba.

"Hatushuki kabla huku juu hakujashika," Mayala alijibu, akifunga miti myembamba ya mdomoni mwa shimo. Kisha akaganda, mti mkononi. Akacheka peke yake mpaka Stanslaus akamuuliza kama amevuta hewa mbaya.

Tangu siku hiyo, kila muda wa chakula ulikuwa wa mazoezi. Alichagua kwanza kadi ndogo za zamu za mwanzo, ndipo kubwa chache. Akashindwa hata hivyo. Akagundua kwamba humwaga mezani kila alichonacho, na mpinzani huviteketeza vyote kwa kadi moja ya moto. Basi akajifunza kubakiza kitu mkononi, ingawa roho ilimuuma, kama anavyobakiza mti wa akiba nje ya duara. Akaanza kuwashinda watu asiowajua. Alifurahi mno, akawa anarudi kazini anapiga mluzi.

Sasa Jumapili ilikuwa imefika, seti zikajaa, na pambano lenyewe lilianza. Stanslaus alikuwa amempigia mama mkwe wa Mayala kwa simu yake na kuiweka sauti kubwa, ili wanandoa wasikilizane.

"Leo umekula nini?" Juliana aliuliza baada ya zamu chache. Uhai wake mchezoni ulikuwa unapungua.

"Ugali."

"Na nini?"

"Cheza, mke wangu."

Mezani Mayala alikuwa na askari wa kutosha. "Mwongeze na mchunga mbuzi, ummalize!" Stanslaus alinong'ona. Mayala akatikisa kichwa. Juliana alikuwa amenyamaza mno.

Moto ukashuka. Meza nzima ikawa majivu, na kule Ibadakuli mama mkwe akapiga kigelegele. Lakini moto ule uliwala na askari wa Juliana mwenyewe, na mkononi hakubakiwa na kadi.

Mayala akamweka mchunga mbuzi mezani. Juliana akavuta kadi, haikumfaa. Zamu iliporudi, kijana yule mwembamba akavuka meza na kupiga fimbo yake moja. Uhai mdogo uliokuwa umebaki ukaisha.

Mayala akaisogelea simu ya Stanslaus.

"Juliana?"

"Nipo." Akaguna, kisha akacheka. "Leo umecheza, baba. Ngoja nimwekee mtoto simu sikioni. Mwite."

Mayala akaishika simu kwa mikono miwili. Mama haitwi jina. Maisha yake yote alimwita Mayu, mama kwa Kisukuma. Jina lile alilisikia kwa majirani, na kwa padri siku ya mazishi, ila kinywani mwake halikuwahi kupita. Stanslaus akavua kofia yake, sijui kwa nini.

"Minza," akaita.

Ilisikika pumzi ndogo, kisha kanga ikisogezwa.

"Mwite tena," Juliana akasema taratibu. "Kafungua macho."