Mayai ya Ufa

Nyumba yetu ina vyumba sita, ua mmoja, bomba moja na siri hakuna. Mimi ni msusi. Kiti changu kiko barazani, mlangoni kabisa pa kuingilia uani, kwa hiyo anayeingia ananipita na anayetoka ananiaga. Wateja wangu huja kusukwa nywele na kuondoka na habari. Lakini hii ya Dereva nilikaa nayo karibu wiki mbili bila kumwambia mtu, na wanaonijua wanajua hiyo kwangu ni kazi ngumu kuliko kusuka nywele fupi.

Dereva anakaa chumba cha nne na cha tano na mkewe, watoto wawili na mama mkwe. Miaka kumi na mmoja aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, hajakwaruza hata kioo cha pembeni. Mwaka huu kiwanda kikapima afya za madereva wote, na sukari yake ikaonekana iko kumi na moja. Nesi wa kiwanda akaandika kwenye karatasi, karatasi ikapanda ghorofani kwa wakubwa, iliposhuka Dereva akavuliwa funguo na kupewa ndoo na mpira wa maji aoshe magari. Masharti yalikuwa mafupi: ndani ya wiki nane sukari ishuke chini ya nane. Isiposhuka, basi linapewa mtu mwingine na yeye anabaki na ndoo, na mshahara wa ndoo.

"Punguza wanga," nesi alimwambia. "Wali, mkate, viazi, uji, vyote kaa navyo mbali. Kula protini. Mayai, samaki, nyama isiyo na mafuta, maharage kiasi, na mboga za majani ujaze sahani."

"Hiyo nyama utaninunulia wewe, Nesi?"

"Nimesema mayai kwanza, hukusikia?"

Mkewe ni dobi, anafua mashuka ya hospitali. Mwanamke wa kujikaza yule. Wiki hiyohiyo akagundua ghala la mayai nyuma ya soko, ambako yale yenye ufa hutengwa na kuuzwa bei ya kutupa kabla hayajaharibika. Kila Jumamosi akawa anarudi na trei kaikumbatia kama mtoto mchanga, watu wanampisha njia. Akanunua samaki wadogo wakavu wa kupimwa kwa kopo. Mchinjaji akiamka vizuri, walipata maini. Mume akitaka kitu cha kutafuna na chai, alipewa njugu, na chai yenyewe haina sukari. Nilimwona siku ya kwanza anaionja ile chai. Aliitazama kikombeni kama mtu aliyekutana na mdeni wake kavaa suti.

Jikoni alikuwa mama mkwe. Sisi sote tunamwita Mama Bweni, kwa sababu miaka thelathini alipika kwenye bweni la shule ya wasichana. Ni mama aliyekula chumvi nyingi, mgongo umenyooka, na jiko la watu halimtishi. Sifa yake kubwa, na hatakuacha uondoke bila kukuhadithia, ni kwamba kwa trei tatu za mayai alilisha wasichana mia na ishirini, na kila mmoja alipata kipande kinene kama ndala. Hapa uani tulikiona kwa macho. Mayai yake yakikaangwa yalivimba mpaka yakainua kifuniko. Maharage yake yalikuwa na mchuzi mzito, kijiko unakisimamisha. Dereva alikula, akashiba, akashukuru. Mkate hakugusa, wali aliwaachia watoto.

Wiki ya tatu akapimwa. Kumi na nusu.

"Dereva," nesi akamwambia, "mimi ni mtu mzima na wewe ni mtu mzima. Mkate unakulia wapi?"

"Sijala mkate, Nesi."

"Basi damu yako ndiyo inayokusingizia."

Hapo na mimi sina budi kusema langu. Siku chache kabla nilikuwa nimemwona Dereva akitoka duka la mikate na mkate kwapani. Mkate ulikuwa wa watoto, na nilimwona kwa macho yangu akiwakabidhi ukiwa mzima. Lakini mkewe alipokuja kukaa kwenye kiti changu, kichwa chake mikononi mwangu, akasema kipimo hakijashuka, mdomo ukanitangulia.

"Shoga, mimi simsemi mtu. Ila dukani nimemwona."

Ilitosha. Jioni hiyo nilisikia kila neno, kwa kuwa ukuta wa chumba cha nne ni mbao.

"Mimi nabeba mayai ya ufa mjini kama kichaa," mkewe alisema, "wewe unakwenda kujishindilia mikate barabarani?"

"Nilinunua wa watoto."

"Na wako je? Uliula ukitembea?"

"Mke wangu, sijala."

"Wiki ya sita nesi atasema. Damu haina haya."

Wiki ya sita nesi akasema. Kumi na pointi moja. Nyumba nzima ikamhukumu. Fundi viatu wa chumba cha kwanza akawa kila Dereva akipita anamuuliza leo ni wa siagi au mkavu. Watoto wake wenyewe wakaanza kumnusa mdomo akirudi. Mkewe akaacha kugombana, na mke anayeacha kugombana ni habari mbaya kuliko anayepiga kelele. Zilibaki wiki mbili. Ghorofani, walisema, mtu wa kupewa basi alikuwa ameshaonyeshwa.

Siku tatu baadaye maji yalikatika kiwandani. Mwosha magari bila maji ni mtu wa kwenda nyumbani, kwa hiyo saa nne asubuhi Dereva alinipita barazani, akanisalimu, akaelekea uani. Nilikuwa namsuka mteja aliyesinzia. Kutoka kitini kwangu jiko naliona lote.

Mama Bweni alikuwa ametugeuzia mgongo. Alipasua mayai matatu kwenye bakuli. Kisha akafungua kopo la bati la unga wa ngano, akachota kijiko kimejaa mlima, akatia. Akachota cha pili. Akatia na maji kikombe, akaanza kupiga, mkono unakwenda mbio, huku anaimba kwa pua. Alipomaliza akageukia sufuria ya maharage, akachota tena kutoka kopo lilelile, akakoroga na maji baridi, akamimina kwenye mchuzi.

Dereva alisimama mlangoni pa ua, mkono kwenye fremu. Hakusogea. Niliona nyuma ya shingo yake tu, lakini nyuma ya shingo ya mtu nayo inasema. Wiki sita alikuwa anakula mkate asubuhi na jioni, umepakwa rangi ya yai.

Nikangoja ukelele. Nakiri, nilijiandaa kwa raha. Badala yake alirudi kinyumenyume, akanipita, akatoka mpaka nje barabarani. Huko akakohoa, kikohozi cha mtu mzima kinachosema ninakuja, akaingia upya akiburuza viatu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Mbona mapema?"

"Maji yamekatika."

Aliponipita mara ya pili tulitazamana. Hakusema usiseme. Alisema, "Shemeji, leo joto," akaingia chumbani. Nami nikauma ulimi.

Nilimfikiria. Mkwe hamkosoi mama mkwe sufuria yake. Akimwambia mkewe, mkewe atamvaa mama yake mbele ya ua mzima, na mama mwenye sifa moja duniani atavuliwa hiyo moja. Asiposema, Ijumaa ya wiki ya nane basi limekwenda. Jioni ikaletwa sahani, yai limevimba kama mto wa kulalia. Alilitazama.

"Mama," alisema, kwa upole kabisa, "ya kukaanga yamenikinaisha. Kuanzia kesho nichemshie, na ganda lake. Na maharage nayo, nimetamani mchuzi mwepesi, ule wa kama maji."

Mkewe akaweka kijiko chini. "Unachagua? Mama anakupikia yai lililojaa sahani, unataka yai la safarini? Halafu haya ni ya ufa. Ukiyachemsha yanamwagika yote. Nitoe wapi pesa ya mayai mazima?"

"Basi nitakula yatakavyotoka."

Mama Bweni alikuwa anamtazama mkwe wake, na mkwe wake alikuwa anaitazama sahani.

Asubuhi yake, wengine wameshakwenda kazini, alikuja barazani akakaa kwenye kiti cha wateja. Sijawahi kumsuka; nywele zake huzisuka mwenyewe.

"Msusi. Jana, yule baba aliporudi mapema. Alisimama pale mlangoni?"

"Kidogo tu, Mama."

"Kidogo cha kupita au kidogo cha kuona?"

Uongo nilikuwa nao, mzuri tu, lakini haukutoka. "Cha kuona, Mama."

Alitikisa kichwa taratibu. "Miaka thelathini," alisema. "Ule wa kopo ni wa kushikia tu, yai lisiachane. Wa kushikia sijawahi kuuhesabu kuwa ni unga." Akaweka mikono mapajani. "Watoto wa watu walikuwa wengi na mayai machache. Ungefanyaje?"

Akainuka akaenda jikoni.

Nilimwona anavyofanya. Alijaza sufuria maji, akatia chumvi konzi nzima, akayashusha mayai moja moja na kijiko. Weupe ulichungulia kwenye ufa, ukakutana na ile chumvi, ukaganda hapohapo ukaziba. Halikumwagika hata moja. Mambo ya bwenini hayo pia, kumbe.

Lakini yai la kuchemsha halina pa kujificha. Matatu ni matatu. Dereva aliwekewa mawili, la tatu likakatwa kwa uzi katikati kwa ajili ya watoto, na Mama Bweni mwenyewe akawa anakunywa mchuzi wa maharage, sasa mwepesi, unaona chini ya bakuli. Dereva alipojaribu kumsogezea moja, aliambiwa ale, mzee hana basi la kuendesha. Mkewe akaongeza trei nyingine kwa kufua mashuka siku ya mapumziko. Siku zote zilizobaki nyumba ile ilifunga mkanda mpaka tundu la mwisho, na mimi mdomo.

Ijumaa Dereva akapimwa. Saba na nusu. Nesi akapima tena kidole cha pili, kwa kutomwamini, ikawa saba na nusu. Jioni alirudi na funguo kidoleni, na fundi viatu akajifanya ana haraka na soli ya mtu.

Walikaa uani wote, na mimi nikavuta kiti, maana furaha ya jirani haihitaji kadi. Mkewe alicheka kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Akampiga mumewe begani.

"Unaona sasa? Ungeacha ile mikate yako ya wizi tangu mwanzo, tungeteseka hivi? Sema mbele ya watu. Umeacha?"

Dereva alikuwa anamenya yai. Alimenya mpaka ganda likaisha.

"Nimeacha," alisema.

Mkono wa Mama Bweni ulisimama juu ya sufuria.

"Mwache mwenzio," alimwambia binti yake. "Hakuiba mkate wa mtu. Huo mkate nilimlisha mimi, kwenye mayai na kwenye maharage, kila siku. Unga wangu wa kushikia. Aliniona akanyamaza."

Binti alimtazama mama yake, akamtazama mumewe, kisha, kwa sababu zake, akanitazama mimi. Nilikuta kuna uzi kwenye gauni langu unaohitaji kuvutwa.

Watoto waliendelea kula nusu zao. Dereva alilishika lile yai lililomenywa kana kwamba amesahau linakwenda wapi, masikio yamemwiva kwa aibu isiyo yake.

"Mama," alisema hatimaye, macho chini, "naomba chumvi."

Mama Bweni akamsogezea kopo. Lilikuwa lile la bati, la unga. Lilikuwa limeoshwa, limekaushwa, na ndani mlikuwa na chumvi.