Kilio cha Ng'ombe wa Loserian

Mwaka minara ya simu ilipofika kijijini kwetu Kikwe, wanafunzi wawili wa chuo walikuja kwangu na ndoo ya bluu yenye bomba. Ludovick alikuwa kijana wa Kichaga, mwenzake Bhavna binti wa Kihindi wa pale mjini Arusha. Walikuwa wameanzisha kampuni yao ya kuchuja maji. Maji yetu ya mlimani yana madini ya floraidi. Ndiyo yanayotia meno yetu rangi ya kahawia, na watoto wengine yanawapinda miguu. Mjukuu wangu Anande alikuwa ameanza kupinda miguu, basi wakasema yeye ndiye awe wa kwanza kunywa maji yaliyochujwa.

Nikauliza ndani ya ndoo mna nini. Ludovick akasema makaa. Nikamshukuru Mungu, maana makaa nayajua.

Anande akawa anakunywa maji hayo tu. Baada ya muda, ng'ombe wa jirani yangu Loserian wakaanza kusimama nje ya ua wangu wakitoka malishoni. Walinyoosha shingo kuelekea jikoni, ilipokaa ndoo, wakalia. Haukuwa mlio wa njaa. Ng'ombe hulia hivyo wanapokuta mahali mwenzao alipochinjwa, huku wakiparua udongo kwa kwato.

Loserian akaniuliza kama nimechinja. Nikamwambia mjane kama mimi achinje ng'ombe kwa siri, nyama amfichie nani. Hakucheka.

Nikawaita wale wanafunzi. Bhavna alinipa shikamoo, kisha akausikia ule mlio, akakaa chini kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Bibi, ni makaa ya mifupa," akasema. "Mifupa ya ng'ombe. Tunaichoma kwenye tanuru. Tuliona tukiwaambia, hamtakunywa."

"Na kwenu wanajua unachoma mifupa ya ng'ombe?"

"Hawajui. Mama akijua, hatakula tena nilichopika."

Ludovick akaanza kueleza habari za moto, kwamba ndani ya mfupa hakubaki kitu, hata harufu. Nikamwambia awaeleze ng'ombe.

Ndoo nikaihamishia chumbani, nikafunga dirisha. Jioni ile ng'ombe walipita bila hata kutazama jikoni. Nikasema asante Yesu. Ndipo Anande akatoka kuanua nguo. Wakasimama wote. Wakasukuma ua mpaka ukalala, wakamzunguka, wakamnusa mikono na kichwa, wakamlilia kama aliyekwisha chinjwa.

Mtoto hakuogopa. "Bibi," akasema, "wananijua."

Asubuhi Loserian akaja, kofia mkononi.

"Mama Elifuraha," akaniambia, "ng'ombe hawana uongo. Mwachishe maji hayo kabla hawajamdai."

Nikamwita Anande, nikamwambia asimame aunganishe visigino. Mwanya wa magoti haukuwa umeongezeka. Nilidhani hata umepungua. Akirudi kwenye maji yetu ya mfereji, nilijua atakavyokuwa. Watoto wa namna hiyo tunawaona wakibebwa kwenda kanisani.

Nikaomba, nikangoja. Sikusikia kitu moyoni.

Maji yale nilikuwa namwekea yeye tu. Nikaitoa ndoo chumbani, nikachukua kikombe changu, nikafungua bomba, nikanywa mpaka tone la mwisho, Loserian akinitazama. Hayakuwa na ladha yoyote.

Siku hizi ng'ombe wakirudi, mimi na mtoto tunatoka pamoja, tunasimama, tunawaacha wanuse. Wakimaliza kumlilia yeye, wananigeukia mimi.