Mawe Yanayopanda Kilima

Kwetu hakuna anayepanda kilima kile mikono mitupu. Zamani, askari wa Wabelgiji walipokuja na bunduki, babu zetu walikuwa na mikuki michache na mawe tu. Waliwaacha wapande hadi katikati, kisha wakayaporomosha mawe. Askari walikimbia. Ndiyo maana kila mwaka, kabla ya msimu wa maharagwe, sisi wazao wao tunaokota mawe mtoni na kuyarudisha juu, ili adui mwingine asikikute kilima hakina silaha.

Mwaka huu binti yangu Rébecca alitaka mwalimu Grady aje nasi. Grady ni Mkasai, mtu wa jimbo la mbali la Kasaï, serikali imemleta kufundisha hapa Butembo, na anataka kumuoa. Mimi sikutaka. Nina duka mtaani Bulengera, nawaona hao wa kutumwa na serikali: leo wapo, kesho wamehamishwa. Lakini nilikubali aje. Nilitaka akione kilima, ajue anabisha hodi kwa watu gani.

Pikipiki zilitushusha upande wa Lubero, tukafika mtoni. Rébecca akachagua jiwe, nami langu. Grady naye akainama.

"Acha, mwalimu," nikamwambia. "Weye ni mugeni. Hii mawe ni ya benye kilima."

Akaacha, wala hakununa. Hilo nalo liliniudhi.

Juu kileleni upepo ulikuwa baridi, na rundo la mawe limenizidi kimo. Nikamsimulia vita vyote, nami huwa sifupishi. Kifua kilinijaa kama kila mwaka. Nilipofika pale askari wanapokimbia, nikamtazama machoni.

"Na bale askari, mwalimu, balitokaka wapi?"

Nilidhani atakwepa.

"Bengine balitokaka kwetu, Mama," akasema. "Babu ya babu yangu, Babelgiji balimukamata na kamba mu shingo, bakamupa bunduki. Alirudia Kasaï na muguu yenye kuvunjika. Ni jiwe ilimuvunja, ku kilima fulani ya huku. Jina ya kilima hakujuaka. Lakini mpaka kufa alikuwa anasema: bale batu, hapana bunduki, lakini balitukimbiza."

Mkataa kwao mtumwa, na huyu hakukataa kwao. Miaka yote hiyo, kule Kasaï, kuna nyumba iliyokuwa ikitusifu, nasi hatuna habari. Nililia, na sioni aibu kusema kwamba nililia kwa fahari.

"Sijuwi kama ni hapa," Grady akaongeza.

"Ni hapa," nikasema. "Sasa shuka ku muto, lete jiwe. Na hapana kuleta ya kitoto."

Akavua viatu, akaanza kushuka. Rébecca akainuka amfuate, nikamshika mkono.

"Muache. Bwana yako atapandisha yake mwenyewe."