Shairi Lililoingia Mara Mbili

Jirani wa juu, fundi cherehani tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, anadai mtoto wa dada yangu alisimama kwenye ngazi akawasomea wapangaji shairi la mji wa mama yake, mara mbili mfululizo, kisha akaaga.

"Katushika mikono mmoja mmoja! Eti shule ikifungwa anamfuata mama yake. Hee, shoga, safari yote hiyo unatuficha?"

Nikamwambia ni mambo ya watoto.

Dada alikwenda mji huo, ng'ambo, kufanya kazi za ndani. Amekufa, na wameshamzika hukohuko. Simu niliipokea kiwandani tunakotengeneza vitabu, mkono mmoja una gundi. Nikasema ahsante, nikarudi kukunja karatasi. Tangu hapo nala, nalala, nafua, kama mtu aliyekalia mguu ukafa ganzi. Kaka kasema, "Wewe unayeishi na mtoto ndiwe umwambie." Kila siku nasema kesho.

Kitabu nilimletea mimi, dada angali hai. Ni mashairi ya watoto juu ya miji ya dunia: mji wa njiwa, mji wa madaraja, mji wa treni. Kazini tunaizunguka meza ndefu, tunaokota mikunjo ya kurasa mmoja mmoja kwa mpangilio, ndipo kitabu kishonwe. Mtu alizunguka huku anapiga soga, akaokota mkunjo mmoja mara mbili, akaruka unaofuata. Vibovu hivyo msimamizi hutuachia. Basi madaraja hayamo, na mji wa dada umo mara mbili.

"Mama mdogo, wa mama wameuweka mara mbili! Kwa nini?"

"Mkubwa," nilimjibu siku ile.

Alipoondoka Redio nikaketi kitandani. Nikasema, leo. "Njoo, mwanangu."

Akaja bila kitabu, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa:

*Mji huu haulali,*
*taa zake zakonyeza,*
*treni yaja toka mbali,*
*na madirisha yacheza.*

Akavuta pumzi, akalirudia lote, kama lilivyo kitabuni.

"Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Nimeshalishika kichwani. Sasa mpigie mama, nimsomee mwenyewe."

Simu yangu ilikuwa dirishani. Akaifuata, akaipangusa kwa gauni lake, akaniwekea kiganjani. Nikakitazama kioo. Kilikuwa na alama ya gundi pembeni.

"Mama mdogo, mpigie basi."