Kisu Kisafi cha Papa Hamisi

Mimi ni mkata kakao, na watu wa Beni watakuambia nina mdomo mbaya. Ni kweli. Nachukua mbegu hamsini katika kila gunia, nazipasua katikati, natazama rangi ya ndani, halafu namwambia mwenye gunia ukweli wake. Ikiwa kahawia yenye nyufa, nanunua. Ikiwa zambarau, haikuchachuka, arudi nayo nyumbani. Anayetaka kununa na anune.

Ndiyo maana Papa Hamisi, mwenye duka la vyuma huko Butembo, aliniletea mimi kile kisu. Bidhaa zake hupitia mpaka wa Kasindi, na safari hii wauzaji wake walikuwa wamemtumia sampuli moja ya kisu cha kukunja, cha bei ya mbuzi na mtoto wake.

"Tembea nacho juma moja, Papa Melchior," aliniambia. "Kila siku, mu mufuko. Wewe hapana mutu wa kusifia kitu bule. Ukisema kiko muzuri, ninaagiza katoni tano. Mais, lakini, unirudishie kisafi, nitakiuzisha."

Nilikijaribu bila huruma. Kilipasua mbegu zaidi ya elfu kabla sijatafuta jiwe la kunolea. Ukisukuma kitufe kwa kidole gumba, kinafunguka chenyewe kwa mlio, na makali yanajikaza yasirudi kukukata. Kilikata kamba za magunia, kikamenya viazi vya Lubero. Kilikuwa chepesi, nakibana mfukoni kwa kishikizo chake mpaka nasahau kuwa ninacho. Kosa nililoliona ni moja tu, kishikizo kilikuwa kinanikwaruzia suruali. Na kila jioni nilikifuta kwa kitambaa chenye mafuta mpaka najiona pua, maana mali ya mtu ni mali ya mtu.

Kisu changu cha zamani, chenye mpini wa mti na weusi wa kakao usiotoka hata kwa mchanga, nilikiacha Butembo.

Siku ya sita nilikuwa nakwenda kununua kakao kaskazini ya Beni. Kwenye kizuizi cha askari tulishuka kwenye pikipiki kama kawaida, tukapanga mstari, kila mtu na kadi yake mkononi. Jumatano ya juma lile watu walikuwa wameuawa mashambani, kwa mapanga na visu. Nilikuwa nimebakiza watu watano mbele yangu nilipogusa mfuko wangu.

Kisu kilikuwamo. Nikitupe? Askari alikuwa anatutazama mikono. Nirudi nyuma? Anayerudi nyuma kizuizini amejishtaki mwenyewe. Wakabaki watu watatu, kisha mmoja, na jasho lilikuwa linaniingia machoni. Niliogopa, sina haya kusema.

"Oyo nini, hii?" askari akauliza, mkono wake juu ya mfuko wangu.

"Kisu, Chef. Ya kazi. Minakataka kakao."

"Fungula."

Nikakifungua jinsi nilivyozoea, kwa kidole gumba. Ule mlio uliinua bunduki mbili. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimekaa kwenye tope, mikono kichwani.

Mkubwa wao, ajida mmoja mwenye sauti ya chini, alikigeuza kisu juani. "Kisu ya kazi inakuwaka na alama ya kazi," alisema. "Hii iliosheshwa. Ulikuwa unaosha nini?"

Nikaeleza habari za Papa Hamisi, sampuli na katoni tano. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo maneno yangu yalivyonuka uongo hata puani mwangu. Nikageukia mstari. Nusu ya wale watu nawajua, na nusu ya hao nimewahi kuwarudishia magunia. Walikuwa wanatazama miguu yao. Mdomo huponza kichwa, na changu kilikuwa pale chini ya bunduki.

Ndipo Mama Mariette akatoka kwenye mstari. Alikuwa amebeba gunia mgongoni, kamba ikimkaza kipaji cha uso, anamtafuta mnunuzi asiye na mdomo kama wangu. Jumanne nililikataa gunia hilohilo mbele za watu, nikamwambia sinunui uvivu.

"Chef, huyu minamujua," alisema. "Njo mukataji wa kakao. Mumupe mbegu, akate."

Akatoa mbegu guniani mwake. Ajida akanipa moja, na kisu. Nikajikata kidole kwanza, kisha nikapasua. Ndani zambarau tupu, kama Jumanne.

"Iko muzuri?" ajida akauliza.

Nilimtazama Mama Mariette. Neno moja dogo lingetosha kumshukuru. Lakini miaka ishirini sijawahi kuona zambarau nikaiita kahawia, na ulimi uligoma.

"Haiko muzuri, Chef. Hakuichachisha siku sita."

Mstari mzima uliguna. Mama Mariette alicheka bila furaha. "Munaona? Njo yeye kabisa. Hata na bunduki ku kichwa anazarau kakao yangu." Kisha akanigeukia. "Siku sita, Papa Melchior? Kule ku shamba nani analalaka siku sita? Minafunika na majani ya ndizi siku mbili, minabeba, minakimbia. Bwana yangu njo alibakia siku ya tatu, hakurudiaka tena."

Misimu miwili nimekuwa nikikata zambarau za upande ule, na sikuwahi kuuliza.

Ajida alikunja kisu taratibu, akanirudishia. "Enda," akasema.

Jumatatu, huko Butembo, Papa Hamisi alikifungua akakuta doa la damu limekauka kwenye makali.

"Nilikuambia unirudishie kisafi."

"Kiko muzuri," nikamwambia. "Mais hapana kuagiza hata kimoja, mulio yake inainua bunduki. Na hicho minakinunua mie, na doa yake."

Alinikazia macho, kisha akatazama gunia nililoliweka mlangoni mwake. "Na hiyo?"

"Kakao ya Mama Mariette. Zambarau. Nimeinunua."

"Yote?"

"Yote," nikasema.